Namna ya Kuliuliza Daftari la Mvua kwa Anwani ya Intaneti



Mkulima wa karafuu ana mvua mbili: mvua anayoiomba na mvua anayoiogopa. Mche mchanga hauwezi kushika ardhi bila ya mvua; na karafuu zilizoanikwa jamvini zikinyeshewa hupoteza rangi, huota ukungu, na bei yake huanguka. Kwa sababu hiyo kila mmoja wetu ana haja ya kujua mvua za miaka iliyopita zilikuwaje. Lakini ukimwuliza mtu khabari za masika ya miaka kumi nyuma, atakujibu, "Mvua zilikuwa nyingi," au, "Zilichelewa." Jibu hilo si la uwongo, ila halina kipimo, wala haliwezi kuwekwa mizani moja na jibu la mtu mwingine.

Siku hizi liko daftari la mvua la dunia nzima ambalo mtu yeyote mwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti aweza kuliuliza bila ya kulipa chochote kwa mwenye daftari. Makala haya yanaeleza namna ya kuliuliza. Jambo lenyewe si gumu, ila lataka uangalifu. Kwani daftari hilo hujibu lile uliloliandika, halijibu lile ulilolikusudia. Mwenye kuandika swali kombo hupewa jibu safi kabisa, lakini la mahali pengine.

KANZIDATA NA DIRISHA LAKE

Daftari la namna hii huitwa kanzidata. Kanzidata ni khabari nyingi zilizowekwa ndani ya kompyuta na kupangwa kwa safu na mistari, ili kila tarakimu ijulikane ni ya kitu gani, ya mahali gani na ya siku gani.

Fikiri ofisi yenye ghala kubwa la madaftari. Wewe huruhusiwi kuingia ghalani. Unakwenda dirishani, unapewa karatasi ya kujaza: wataka khabari gani, za mahali gani, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani. Karani anaichukua karatasi, anaingia ghalani, na anarudi na jibu. Katika mambo ya intaneti dirisha hilo huitwa API, na karatasi ya kujaza ni ile anwani unayoiandika juu ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Kila swali lina anwani yake, na ukibadilisha tarakimu moja katika anwani umebadilisha swali.

Iko tofauti moja kubwa baina ya karani wa ofisi na karani huyu wa kompyuta. Karani wa ofisi akiona jambo la ajabu katika karatasi yako atakuuliza, "Bwana, una hakika hapa ndipo unapopataka?" Karani wa kompyuta hana desturi hiyo. Maadamu karatasi imejazwa kwa taratibu zake, ataleta jibu na kunyamaza.

Daftari tutakalolitumia kwa mfano ni la NASA, shirika la Marekani linaloshughulika na mambo ya anga. Linaitwa POWER, na linatunzwa na kituo cha Langley katika jimbo la Virginia. Ndani yake mna tarakimu za kila siku tangu mwanzo wa mwaka 1981: kiasi cha mvua, joto, unyevu wa hewa, na upepo. Kulisoma hakutaki kujiandikisha wala ufunguo wa siri.

ANWANI NA SEHEMU ZAKE

Tuseme tunataka kujua mvua iliyonyesha Wete kila siku tangu 1 Machi 2024 mpaka 31 Mei 2024. Anwani ya swali hilo ni hii, nayo huandikwa kwa mfululizo bila ya kuacha nafasi hata moja:

https://power.larc.nasa.gov/api/temporal/daily/point?parameters=PRECTOTCORR&community=AG&longitude=39.73&latitude=-5.06&start=20240301&end=20240531&format=CSV

Mtu akiitazama mara ya kwanza huona msitu. Lakini msitu huu una njia, na alama tatu ndizo zinazoonyesha njia hiyo.

Alama ya kwanza ni ? yaani alama ya kuuliza. Yote yaliyo kabla yake ni jina la nyumba na kabati: nyumba ya NASA POWER, dirisha la maswali, kabati la khabari za kila siku, na rafu ya khabari za nukta moja ya dunia. Sehemu hii ina mpango wake maalumu, wala hairuhusiwi kuipangua. Mahali palipoandikwa daily pana maana ya "kila siku". Ukiandika monthly badala yake, utapewa kipimo cha kila mwezi; na hapo tarehe zitaandikwa kwa mwaka tu, mathalan start=2005 na end=2020.

Yote yaliyo baada ya alama ya kuuliza ni majibu yako kwa karatasi ya dirishani. Kila jibu huitwa kigezo.

Alama ya pili ni = yaani alama ya sawasawa. Kushoto kwake ni jina la kigezo, na kulia kwake ni thamani unayoitia wewe. Jina usilibadilishe, thamani ndiyo yako.

Alama ya tatu ni &. Kazi yake ni kutenga kigezo kimoja na kingine, kama ukuta mwembamba baina ya vyumba viwili. Ukiisahau, karani hudhani vigezo viwili ni kimoja.

Sasa tuvitazame vigezo vyenyewe kimoja kimoja.

1. parameters=PRECTOTCORR. Hapa unasema wataka khabari gani. Neno hili refu ni jina walilolipa mvua katika daftari hilo, na kipimo chake ni milimita kwa siku. Joto la hewa linaitwa T2M, na unyevu wa hewa kwa asilimia unaitwa RH2M. Ukitaka mambo mawili kwa swali moja, yatenge kwa alama ya mkato bila ya nafasi: parameters=PRECTOTCORR,RH2M. Kwa mwenye kuanika karafuu swali hili la pili ni zuri, kwani siku isiyo na mvua lakini yenye unyevu mwingi nayo huchelewesha kukauka.

2. community=AG. Hapa unajieleza wewe ni mtu wa kazi gani. AG ni watu wa kilimo.

3. longitude=39.73 na latitude=-5.06. Hivi ndivyo vigezo vya mahali. Longitudo hupima umbali wa mashariki au magharibi, na latitudo hupima umbali wa kaskazini au kusini ya mstari wa ikweta. Sisi tuko kusini ya ikweta, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ndogo ndiyo tutakayoizungumza sana hapa chini. Tarakimu za shamba lako waweza kuzipata kwa kusimama shambani na kuifungua ramani ya simu.

4. start=20240301 na end=20240531. Hizi ni tarehe ya kuanzia na ya kumalizia. Hutangulia mwaka, ukafuata mwezi kwa tarakimu mbili, kisha siku kwa tarakimu mbili, bila ya nukta wala kistari. Tarehe 5 Machi 2024 ni 20240305.

5. format=CSV. Hapa unasema wataka jibu liandikwe kwa namna gani. CSV ni maandishi yaliyotengwa kwa alama za mkato, nayo hufunguka katika programu yoyote ya majedwali. Ukiandika JSON utapata maandishi yale yale katika mpango unaopendwa na watengenezaji wa programu. Kwa mwanachama asiye fundi, CSV yatosha.

Utaratibu wa kufuatana kwa vigezo hauna taabu. Waweza kuanza na tarehe na kumalizia na mahali; karani huangalia majina, haangalii foleni. Lakini herufi kubwa na ndogo ziandike kama zilivyo.

MAKOSA YANAYOPIGA KELELE NA MAKOSA YANAYONYAMAZA

Yako makosa ya namna mbili, na mwenye kuuliza hapana budi azijue zote.

Makosa ya kwanza ni yale yanayopiga kelele. Ukikosea jina la kabati, kompyuta itakurudishia namba 404, maana yake ni kuwa kitu ulichokitaka hakipo mahali hapo. Ukiandika tarehe kwa mpango wetu wa kawaida, siku mbele na mwaka nyuma, au ukakosea herufi ya jina la mvua, dirisha litakataa na kukuletea maneno ya kukueleza kilichoharibika, mara nyingi pamoja na namba 422. Simu nyingine zina tabia ya kurekebisha maandishi zenyewe: huongeza nafasi baada ya alama ya mkato, au hugeuza alama fupi ya kutoa ikawa kistari kirefu. Swali likikataliwa, angalia hayo kwanza. Makosa haya yanaudhi, lakini hayana hatari, kwani unajua kuwa huna jibu.

Makosa ya pili ni yale yanayonyamaza, na haya ndiyo ya kuogopwa. Chukua ile alama ya kutoa iliyo mbele ya 5.06. Ukiisahau, swali lako linabaki swali sahihi kabisa kwa taratibu za dirisha. Latitudo 5.06 bila ya alama ya kutoa ni kaskazini ya ikweta. Na pamoja na longitudo 39.73, mahali hapo ni kusini mwa Ethiopia, si mbali na mji wa Negele, katika nchi ya Waborana wafugaji. Karani atakuletea mvua za huko kwa siku zote 92 ulizoziuliza, hakukosekana hata moja. Na kwa kuwa huko nako mvua hunyesha miezi ya Machi mpaka Mei, tarakimu hazitakushtua. Utasema tu, "Kumbe mvua za mwaka ule zilikuwa chache!"

Au tuseme umezigeuza thamani mbili: 39.73 umeiweka katika latitudo, na -5.06 katika longitudo. Hapo umetoka Pemba umefika Uhispania, magharibi ya mji wa Toledo. Jibu litakuja bila ya neno lolote la onyo.

Fikiri basi mkulima anayetaka kujua miche ipandwe wiki gani, au anayetaka kuonyesha kuwa shamba lake lilikosa mvua mwaka fulani, naye ameshika mkononi mvua ya Waborana. Tarakimu zake ni za kweli, chanzo chake ni cha kweli, na hesabu yake yaweza kuwa sawa mpaka senti ya mwisho. Na hata hivyo yote ni bure.

KULISOMA JIBU

Jibu likifika, usikimbilie tarakimu za mvua. Soma kwanza maneno ya juu, kama unavyosoma jina lililo juu ya risiti kabla ya kutazama fedha. Katika jibu la CSV la daftari hili, mistari ya juu hutaja tarehe ulizoziuliza, latitudo na longitudo, jina la kipimo, na wastani wa mwinuko wa eneo kutoka usawa wa bahari.

Mwinuko huo ni shahidi mzuri. Kisiwa chetu ni cha vilima vifupi vilivyozungukwa na bahari, na wastani wake ni mdogo. Ukiona mwinuko wa mamia mengi ya mita, jua hakika kuwa hupo Pemba, hata kama umeapa kuwa uliandika sawa.

Kisha iko tarakimu moja ambayo si tarakimu: -999. Daftari likiwa halina khabari ya siku fulani, huandika -999 mahali pake. Siku chache za mwisho kabla ya leo huwa hivyo mara nyingi, kwa kuwa khabari zake hazijatayarishwa. Maana ya -999 ni "sina jibu". Lakini programu ya majedwali haijui hayo. Yenyewe huona namba, na ukiiambia ijumlishe, itajumlisha.

Tazama madhara yake. Tuseme mvua ya miezi mitatu ilikuwa jumla ya milimita 1,200, na katika siku hizo iko siku moja tu iliyoandikwa -999. Jumla itatoka 201. Hiyo si namba ya kuchekesha. Ni namba ya ukame, na mtu atahangaika kutafuta sababu ya ukame ambao haukuwepo. Zikiwa siku mbili za namna hiyo, jumla itakuwa -798, na hapo angalau kila mtu ataona kuwa mvua haiwezi kuwa chini ya sifuri. Basi kabla ya kujumlisha, tafuta kila -999 na uifute, na uandike pembeni kuwa siku kadhaa hazikupatikana.

Kwa mwenye kutaka kujua milimita ni kitu gani: mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji juu ya kila mita ya mraba. Katika eka moja ni zaidi kidogo ya lita 4,000. Kwa hivyo mvua ya milimita 20 katika siku moja imemwaga juu ya eka moja lita 80,000 na ushei.

MIPAKA YA DAFTARI HILI

Si vizuri kulisifu daftari bila ya kueleza mipaka yake.

Kwanza, mvua hii haikupimwa na mtu aliyesimama shambani kwako. Ni makisio ya kompyuta, yanayokusanya vipimo vya satelaiti, vya vituo vya hali ya hewa, vya meli na vya maputo yanayorushwa angani, kisha hukadiria yaliyotokea kila mahali.

Pili, makisio hayo ya mvua hufanywa kwa visanduku. Kila kisanduku ni nusu digrii kutoka kaskazini hadi kusini, na digrii 0.625 kutoka mashariki hadi magharibi. Kwetu hapa hiyo ni kiasi cha kilomita 55 kwa 69, yaani kilomita za mraba 3,800 hivi. Na Pemba nzima haifiki kilomita za mraba 1,000. Kwa hivyo ndani ya kisanduku kimoja mnaingia kipande kikubwa cha kisiwa pamoja na bahari nyingi. Mashamba mawili yaliyo umbali wa maili tano yatapewa mara nyingi tarakimu ile ile, na sote twajua kuwa mvua yaweza kunyesha upande huu wa kilima na ng'ambo wakaanika. Kuandika nukta nyingi za desimali katika latitudo yako hakuongezi ukweli wowote.

Tatu, hesabu za kompyuta za namna hii hupenda kuandika vinyunyu: siku ambayo wewe ulikuwa na jua, yenyewe yaweza kuandika sehemu ndogo ya milimita. Kwa hivyo ukihesabu siku za mvua, usihesabu kila siku iliyozidi sifuri. Anzia milimita 1.

Nne, daftari ni la siku zilizopita. Halisemi lolote juu ya kesho. Mwenye karafuu jamvini anayetaka kujua kesho, asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na atazame mawingu kama alivyofunzwa na wazee wake.

Dawa ya mipaka hii ni kila mwanachama kuwa na kipima mvua chake. Chombo cha dukani ni bora, lakini hata kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, lililowekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, litafaa. Kila asubuhi saa ile ile pima kina cha maji kwa rula ya milimita, andika, na mwaga. Baada ya msimu mmoja weka daftari lako kando ya lile la NASA. Yakipatana kwa jumla za mwezi, unaweza kuiamini zaidi miaka ya nyuma ambayo hukuipima. Yakihitilafiana, amini kopo lako kwa shamba lako.

MFANO WA KAZI

Tuseme wataka kujua katika miezi ya Julai mpaka Oktoba ni wiki zipi zilizokuwa kavu zaidi, ili upange wapi pa kutia nguvu za uanikaji na lini uwe na turubai tayari. Uliza kwa swali moja tangu start=20050701 mpaka end=20241031, ukiomba mvua na unyevu pamoja. Jibu litakuja na siku zote za miaka hiyo. Katika programu ya majedwali, bakisha miezi minne tu, yaani siku 123 kwa kila mwaka, katika miaka 20. Futa kila -999. Kisha kwa kila wiki hesabu ni siku ngapi zilizopata milimita 1 au zaidi.

Utakachopata si ahadi ya mwaka ujao. Ni khabari ya desturi ya mvua: wiki hii ilinyesha miaka mingapi katika 20, na wiki ile mingapi. Mwenye kujua desturi hupanga vizuri kuliko mwenye kukumbuka mwaka mmoja mbaya tu.

Na faida nyingine ni hii: mwaka ukigeuka, huandiki swali upya. Unachukua anwani ile ile, unabadilisha tarehe ya mwisho, basi. Ila usirudie swali hilo hilo mara kwa mara kwa dakika. Madirisha haya ni ya watu wote, na mwenye kuyasumbua hufungiwa kwa muda.

DAFTARI JINGINE LINALOTUHUSU

Aliyeijua alama ya kuuliza, ya sawasawa na & ameyajua madirisha mengi, kwani mengi hutumia taratibu hizo hizo; majina ya vigezo tu ndiyo yanayobadilika. Umoja wa Mataifa una daftari la biashara ya dunia liitwalo Comtrade. Humo kila bidhaa ina namba, na namba ya karafuu ni 0907. Swali la kujua India iliandika imenunua karafuu kiasi gani kutoka Tanzania mwaka 2022 huandikwa hivi:

https://comtradeapi.un.org/public/v1/preview/C/A/HS?reporterCode=699&partnerCode=834&period=2022&cmdCode=0907&flowCode=M

Hapa 699 ni India, mwenye kutoa khabari. 834 ni Tanzania, aliyeuza. Na M ni bidhaa zilizoingia. Ukiandika X badala ya M, umeuliza karafuu zilizotoka India kwenda Tanzania, na hilo ni kosa lenye kunyamaza kama lile la Waborana. Angalia pia kuwa 834 ni Tanzania nzima. Daftari hili halina namba ya Pemba wala ya Unguja. Na thamani inayoandikwa na India kwa mali inayoingia hutiwa ndani yake nauli ya meli na bima, kwa hivyo usiigawe kwa kilo ukasema, "Hii ndiyo bei niliyostahili kulipwa mimi kituoni."

Baadhi ya madirisha, na hili la Comtrade likiwamo kwa maswali makubwa, hutaka ufunguo, yaani maneno ya siri unayopewa ukijiandikisha. Pengine ufunguo huo hutiwa ndani ya anwani yenyewe kama kigezo. Anwani ya namna hiyo usimpelekee mtu wala usiichapishe, kwani atakayeiona ataweza kuuliza kwa jina lako.

WEKA SWALI PAMOJA NA JIBU

Neno la mwisho ni hili, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kila ukipata jibu, nakili anwani ya swali kamili uiweke juu ya karatasi ya jibu, pamoja na tarehe uliyouliza. Tarakimu peke yake haisemi imetoka wapi. Tarakimu yenye anwani yake yaweza kuhakikiwa na mtu yeyote: atafungua anwani ile ile, na ataona kama alama ya kutoa ipo, kama tarehe ni zenyewe, na kama mahali ni pale panapozungumzwa.

Kadhalika, mtu akija mkutanoni na karatasi ya mvua au ya bei, akasema, "Kompyuta imesema," msimkatalie wala msimkubalie. Mwambieni, "Tuonyeshe swali." Akiwa nalo, lisomeni kigezo kwa kigezo kama tulivyofanya hapa. Akiwa hana, mwombeni aliulize tena mbele yenu. Haichukui dakika tano.

Mwanachama anayetaka kujizoeza aanze na anwani ya Wete iliyo juu, aifungue kama ilivyo, kisha abadilishe latitudo na longitudo ziwe za shamba lake, na asome mwinuko kabla ya kusoma mvua.